Staa Wetu, Hiyo Land Rover ya 1962 Ina Sura ya Miaka ya 70

Wadau, kuna staa wetu mmoja, jina kapuni, ameposti Land Rover aliyoifufua. Rangi ya kijani iliyotulia, matairi mapya, picha zimepigwa chini ya miembe ya Tabora, na kapsheni yenyewe inasema: "1962, orijino kila kitu. Wamarekani wana Mustang, sisi tuna hii." Laiki zimemiminika, emoji za moto zimejaa, na tayari kuna watu wanauliza kama inauzwa.

Gari ni kali, hilo halina ubishi. Ila "orijino kila kitu" ni kamba. Na sio ile kamba yetu ya kawaida mjini, ya kukodi nyumba ya watu kwa siku moja halafu unasema umejenga. Hii ina mtu aliyeumia na ina kitu kilichopotea, ndo maana naiandikia.

Sura inamsuta

Anza na taa. Land Rover ya 1962 ni Series IIA, na macho yake yamekaa karibukaribu, katikati, huku na huku ya shoo. Taa zilihamia kwenye madigadi mwishoni mwa miaka ya 60. Ya staa wetu ina macho kwenye madigadi na shoo ya plastiki. Hiyo ni sura ya Series III, iliyoanza kutoka 1971.

Ingia ndani. Ya 1962 mita zake ziko katikati ya dashibodi, dereva na abiria wanazisoma wote. Kwenye video yake mita zimekaa mbele ya dereva, nyuma ya usukani. Series III tena. Halafu anapiga stata, na kinachonguruma ni dizeli ya Toyota.

Kwa hiyo tumewekewa kadi ya 1962, uso wa miaka ya 70 na moyo wa Kijapani, kisha tukaambiwa tushangilie uorijino.

Utasema, sasa shida iko wapi? Shida iko kwenye sekunde chache za video hiyohiyo. Injini ya zamani iko chini, kwenye sakafu ya gereji. Mzee mmoja fundi, suruali imelowa oili, anamweleza kijana wa staa kwamba ile mashine haijafa, inataka ringi mpya na kazi kidogo kwenye kabureta. Kijana anaitikia, "Sawa mzee," kamera inahama. Siku mbili baadaye, kwenye stori, injini ileile na madigadi ya zamani viko juu ya kirikuu cha wanunuzi wa vyuma chakavu. Mzee hajatajwa popote. Aliyepiga rangi ametagiwa mara tatu.

Tabora sio bango la picha

Huu mji una historia ndefu ya kusubiri mzigo. Misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapa. Kwihara, nje kidogo ya mji, Livingstone alikaa tangu Machi hadi Agosti 1872 akisubiri wapagazi na mahitaji ambayo Stanley alikwenda kumtafutia pwani. Miezi mitano! Wewe mzigo wako wa mtandaoni ukichelewa siku tatu unatukana.

Reli ilifika Tabora 1912, ikagusa Kigoma 1914, lakini kusubiri hakukuisha. Upande wa Urambo, Waingereza walileta sehemu ya mpango wao mkubwa wa karanga ulioanza 1947. Walinunua mashine za mabaki ya vita, wakafika hadi kugeuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa, na moja ya mambo yaliyoutesa ni mashine kuharibika huku spea hazipo. Baadaye Urambo ikajulikana kwa tumbaku.

Sehemu ya namna hiyo inalea fundi wa aina yake, fundi asiyetupa kitu. Dar iko zaidi ya kilomita 800 kwa reli. Bushi ikiisha, unakereza nyingine. Gari likifa, linakuwa duka la yale yanayotembea. Vijana wa mjini wakiona uani kwa mtu kuna Land Rover imekaa juu ya mawe, wanaona mkweche. Fundi anaona stoo.

Ndo maana msakaji wa kweli wa spea za zamani huku magharibi haanzi dukani. Anaanza kwa kuuliza wazee. Anauliza yadi za misheni, bohari za vyama vya ushirika, minada ya magari ya serikali, na kwa waliowahi kuwa madereva. Anapiga shikamoo nyingi na kunywa chai nyingi kabla hajaonyeshwa chochote.

Spea ya mwaka wake inatafutwaje

Hapa nawapa madini ya bure, maana wengi mnapigwa.

Kwanza, soma namba ya chesisi. Kwenye Series IIA kuna herufi mwishoni mwa ile namba, na herufi hiyo inakuambia gari ni la awamu ipi ya mabadiliko ya kiwandani. Ukiwa nayo, unatafuta spea kwa namba ya spea, hausemi tu "naomba giaboksi ya Land Rover." Giaboksi ya IIA ina sinkro kwenye gia ya tatu na ya nne peke yake. Ya Series III inayo kwenye gia zote za mbele. Ukichukua yoyote ilimradi, mguu wako ndo utakueleza umechukua nini.

Pili, beba spana za inchi. Gari hili halijui milimita. Bolti ya milimita ukiilazimisha kwenye tundu la inchi itakubali mizunguko miwili, halafu inakula thredi, na umeshaharibu kitu kilichodumu miaka sitini.

Tatu, tafuta mhuri. Kampuni ya Lucas, iliyotengeneza vifaa vya umeme vya magari mengi ya Kiingereza, ilikuwa inagonga mwezi na mwaka kwenye dainamo, stata na distribyuta. Ukifuta grisi ya miaka hiyo yote ukakuta 62 kwenye chuma, hapo ndo unaruhusiwa kupiga kelele na kuposti.

Nne, chunga umeme. Land Rover za wakati huo ziliunganishwa chanya ya betri kwenye bodi, kinyume na magari ya leo. Baadaye, kwenye miaka hiyohiyo ya 60, wakageuza. Ukifunga redio mpya bila kujua, utaisikia harufu kabla hujasikia muziki.

Tano, na hii ndo inauma zaidi, bodi yake ni aluminiamu. Land Rover ilipozinduliwa 1948 chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza baada ya vita, ndo wakatumia aluminiamu kwenye bodi. Chesisi ni chuma na inaliwa na kutu, lakini madigadi na milango inadumu sana. Sasa aluminiamu ina soko kwa wanunuzi wa chakavu, na nyingi huyeyushwa na kumiminwa kuwa masufuria. Yale madigadi ya 1962 yaliyopanda kirikuu pengine muda huu yanapika ubwabwa.

Na kama kitu cha mwaka wake kimekosekana kabisa? Zipo spea mpya zinazotengenezwa Uingereza mpaka leo kwa muundo wa zamani. Agiza, funga, na useme ni mpya ya muundo wa zamani. Hakuna aibu hapo.

Msinielewe vibaya

Najua mtakachosema. "Gari lake, hela zake." Kweli kabisa. Na najua kuna mkulima mwenye Land Rover yenye injini ya Toyota, anabebea mbolea na watoto wa jirani wanaowahi shule. Huyo simgusi. Alitaka gari liwake asubuhi, na spea za Toyota zinapatikana. Hajawahi kuandika popote kwamba ni orijino.

Mwingine ataniletea Liemba. Nami naipenda hoja hiyo, maana iko njia yetu hiihii, mwisho wa reli, Kigoma. Meli ile ilijengwa Ujerumani 1913 ikiitwa Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini kabla ya hapo waliipaka injini grisi ili siku moja iweze kufufuka. Ikaopolewa 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Kwenye miaka ya 70 injini za mvuke zikatolewa, ikafungwa dizeli. Je, sio Liemba tena? Ni Liemba mpaka kesho.

Ila angalia tofauti. Habari ya injini za Liemba inasimuliwa wazi, haijafichwa nyuma ya kapsheni. Na wale Wajerumani, katikati ya vita, wakiwa wanakimbia, walipata muda wa kupaka grisi mashine waliyokuwa wanaizamisha. Staa wetu hakuwa anakimbizwa na mtu. Alishindwa vipi kuiweka injini nzima kwenye kona ya gereji na kuifunika turubai?

Hilo ndo langu. Kubadilisha injini ni ruhusa. Kuita iliyobadilishwa orijino ni uongo. Na kutupa ya zamani ni hasara ambayo hailipi yeye peke yake. Kuna mtu mahali fulani, Nzega au Mpanda au Nairobi, ana bodi safi ya miaka hiyo na anahangaika kutafuta injini ileile. Kila inayoenda kwa wa chakavu, kusaka kwake kunarefuka. Tena thamani ya magari haya kwa wanaoyajua inapanda pale namba ya injini na ya chesisi zinapokuwa zilezile zilizotoka pamoja kiwandani. Kwa hiyo hata kwa hesabu za biashara, amejipiga mwenyewe.

Arusha walifanya tamasha la Land Rover Oktoba 2024 wakilenga rekodi ya dunia, na mapenzi ya gari hili yakapanda kote nchini. Safi. Lakini mapenzi yakipanda bila maarifa, yanakuja na misumeno. Magari ya wazee wetu yatanunuliwa kwa bei ya kilo, yatakatwa, yatavalishwa taa za LED, kisha yatauzwa kwa bei ya historia. Mzee aliyelitunza miaka arobaini anabaki na hela ya mabati machache.

Staa, bado hujachelewa

Mambo matatu tu, na hakuna hata moja la kukushusha hadhi.

Badilisha kapsheni. Andika: kadi ya 1962, bodi ya Series III, injini ya Toyota. Watu wataipenda vilevile. Na injini mpya kaiandikishe TRA, maana namba ya injini iko kwenye kadi.

Mfuate aliyenunua ile injini, kama bado haijavunjwa uirudishe. Kama huitaki, ipeleke VETA Tabora. Kuna vijana pale wanaojifunza ufundi na hawajawahi kufungua mashine ya aina hiyo.

La tatu, rudi kwa yule mzee. Mwamkie, mlipe kama fundi na sio kama kibarua, kisha kamera ikae kwake nusu saa nzima aeleze anachokijua. Hicho anachokijua hakiuzwi dukani, na hakuna kiwanda Uingereza kinachotengeneza kingine.

Na nyie wadau, kama una babu au baba Tabora, Urambo, Sikonge au popote, na uani kuna Land Rover imelala, kabla hamjamwita mtu wa chakavu muulizeni taa zake ziko wapi, mita zake ziko wapi, na stata yake imegongwa mwaka gani. Leteni majibu kwenye komenti. Tunaweza kukuta 1962 ya kweli.