CHANJO HAIKUSHINDWA, ILICHELEWA

Ndugu wafanyakazi,

Kutoka Likoni hata Msambweni tungali tunasikia neno moja: ati Corona ilibadilika, chanjo ikashindwa, basi tulidanganywa. Neno hili mwenzetu hulisema kwenye matatu, na tajiri asiyependa gharama hulirudia kwa furaha. Sisi wa reli, pamoja na wenzetu wa hoteli za Diani, tunalikataa.

Kwanza tulijue jambo lenyewe. Kirusi kikiingia mwilini hujinakili mara nyingi mno. Karani akinakili hati ya mizigo mara elfu, hakosi kukosea herufi. Makosa mengi hayana maana, lakini moja laweza kukipa kirusi mbio, au kukibadili sura hata kinga ya mwili isikitambue upesi. Ndivyo zilivyozaliwa aina mpya. Delta, iliyotutesa katikati ya 2021, iliambukiza kama mara mbili ya kirusi cha kwanza. Omicron, iliyotangazwa Kenya Desemba 2021, ilienea upesi kuliko hiyo, ikawapata hata waliochanjwa.

Je, ndiyo kusema chanjo ilikuwa bure? Hasha! Utafiti wa Uingereza wa 2021 ulionyesha kuwa sindano mbili za AstraZeneca zilizuia ugonjwa wa Delta kwa asilimia 67, bali sindano moja kwa asilimia 30 tu. Omicron ilipokuja, kinga ya kutougua ilipungua sana baada ya miezi michache, lakini kinga ya kutolazwa hospitali ilidumu zaidi. Ukuta ulipata ufa, haukuanguka. Na usipoziba ufa utajenga ukuta: ndiyo maana wakubwa kwa umri na wenye maradhi huambiwa wachanjwe tena.

Ubaya basi ulikuwa wapi? Hesabuni wenyewe. Tarehe 3 Machi 2021 Kenya ilipokea dozi za kwanza, milioni moja na ushei, na watu ni karibu milioni 50. Mwezi huohuo India, ilikotengenezwa chanjo ile, ikapunguza kuuza nje, maana wagonjwa wake walizidi. Nchi tajiri zilikuwa zimekwisha kujiwekea akiba. Delta ikatukuta wengi tuna sindano moja, na wengi zaidi hawana hata moja. Halafu Novemba 2021, wakati watu wazima waliomaliza sindano zao hawajafika mmoja katika kumi, tukaambiwa asiyechanjwa atanyimwa huduma za serikali! Mahakama Kuu iliisimamisha amri hiyo. Aliyecheleweshewa ndiye aliyetishwa.

Tena kuna mlango mwingine ulio wazi hata leo. Kirusi hupata nafasi ya kubadilika kila kipitapo kwa mtu mpya. Mpishi mwenye homa huingia jikoni kwa sababu akikaa nyumbani watoto hawali. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 30, humpa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili, akileta cheti cha daktari, siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na saba kwa nusu, kila mwaka. Lakini kibarua wa siku hana kitu. Je, homa huuliza kama una barua ya kazi?

Shirika la Afya Duniani liliondoa hali ya dharura Mei 2023. Kirusi hakikusikia tangazo hilo, chaendelea kubadilika. Wala tusisahau Aprili 2020, Kwale, Mombasa na Kilifi zilipofungwa, treni za abiria zikasimama na hoteli zikafunga milango. Aliyelipa ni sisi.

Kwa hiyo tunadai: chanjo ije mapema na ije hata vijijini, madirisha yafunguliwe kazini, hewa ipite, na siku za ugonjwa zilipwe, kibarua asiachwe nje. Nawe ndugu, kabla ya kusema chanjo ilishindwa, uliza kwanza ilifika lini kwako.

Umoja ni nguvu.