Wa Mwaka wa Kwanza Wasiachwe Wasome Peke Yao

Kila mwaka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, hupokea vijana waliozoea kuongoza darasani kwao. Ghafla wanajikuta ukumbini na mamia ya wenzao, mhadhiri hawajui kwa majina, na hakuna kengele ya kuwaita prepo. Anayekwama hunyamaza asije akaonekana kilaza, mpaka sapu imwamshe.

Watu huwahi kusema ni uvivu, au sekondari haikumwandaa. Maneno hayohayo mwanahisabati Uri Treisman aliyasikia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, miaka ya 1970, walimu walipoeleza kwa nini wanafunzi Weusi wengi walianguka katika kalkulasi. Hakuyakubali hivi hivi. Aliwafuata wanafunzi Weusi 20 na wenye asili ya Kichina 20 kuona wanavyosoma. Weusi hawakuwa wavivu. Walijifungia na vitabu, kila mtu kivyake. Wale wengine nao walisoma peke yao kwanza, kisha wakakutana kulinganisha majibu na kukosoana.

Treisman akaanzisha vikundi, akavipa maswali magumu badala ya marudio ya sekondari. Alama zikapanda.

Huko Kansas City, nako Marekani, mwelimishaji Deanna Martin alibuni utaratibu mwingine mwaka 1973: msaada uelekezwe kwenye masomo yanayoangusha wengi, si kwa wanafunzi wanaoitwa dhaifu. Aliyekwisha kulifaulu somo huhudhuria tena mihadhara, kisha huongoza vikao vya kila wiki. Kazi yake si kuhutubia bali kuwauliza wenzake mpaka wafafanue wenyewe. Kwa kuwa mlango uko wazi kwa wote, hakuna anayeona haya kuingia.

Kwetu diskasheni si jambo geni, vimbweta hujaa. Lakini nyingi huanza mitihani ikibisha hodi, tena hukusanya marafiki waliotoka shule moja. Mgeni asiye na mwenyeji hubaki pembeni.

Basi idara ziwagawe wa mwaka wa kwanza katika vikundi vya watu watano au sita tangu wiki ya kwanza, ziteue viongozi kutoka mwaka wa pili na ziwalipe posho. Kiswahili kiruhusiwe humo, hata kama mtihani ni wa Kiingereza. Na kila mwanafunzi afike akiwa amejaribu maswali mwenyewe. Anayekuja kunakili tu, wenzake wamwambie.