Haki ya Nyasi Wapiganapo Fahali

Wahenga walinena kuwa wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Madarasani tumezoea kuifasiri methali hii kwa maana yake ya ndani: fahali ni wakubwa, nyasi ni wanyonge. Makala haya yanapendekeza tuisome pia kwa maana yake ya juu. Nyasi ni nyasi, na anayezitegemea kwa chakula, maji na dawa huvunjiwa haki yake zinapokanyagwa.

Haki hiyo si ya kubuni. Ibara ya 24 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa mwaka 1981 inawapa watu wote haki ya mazingira ya kuridhisha yanayofaa maendeleo yao. Isitoshe, mkataba huo hauna kifungu kinachoiruhusu serikali kuziweka haki kando kwa kisingizio cha vita.

Hata hivyo, haki iliyoandikwa si lazima iwe haki iliyopatikana. Tutazame vita vya mashariki mwa Kongo. Mwaka 2005, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko The Hague iliamua kwamba Uganda ilivunja sheria ya kimataifa, na kwamba ilishindwa kuzuia uporaji wa maliasili katika eneo la Ituri lililokuwa mikononi mwa majeshi yake. Februari 2022, mahakama hiyo iliiamuru Uganda ilipe fidia ya dola milioni 325. Kati ya hizo, milioni 60 zilikuwa za maliasili, zikiwemo dhahabu, koltani, mbao na hata wanyamapori. Dai la ukataji wa misitu lilikataliwa, kwa kuwa Kongo haikuwasilisha msingi wa kukadiria hasara hiyo. Kwa maneno mengine, gogo lililouzwa lilipata bei, lakini msitu ulioangamia haukupata.

Huenda msomaji akasema kuwa mahakama haiwezi kuhukumu pasipo ushahidi. Ni kweli. Lakini ushahidi huhitaji kuwezeshwa. Majeshi ya Iraki yalipofurushwa Kuwait mwaka 1991, yaliacha zaidi ya visima 600 vya mafuta vikiwaka moto. Tume ya Fidia ya Umoja wa Mataifa iliwapa wadai fedha za kupima kwanza udongo, maji na pwani zao. Hatimaye fidia ya mazingira iliyoidhinishwa ilizidi dola bilioni 5. Msitu wa Ituri haukupata mpimaji wa aina hiyo.

Hapa ndipo wajibu wetu unapoanzia. Mkulima wa Ituri anaujua mto uliochafuka na mti usioonekana tena, na aghalabu huyasimulia hayo kwa Kiswahili. Wanafunzi wa fasihi simulizi huenda nyanjani kukusanya ngano na nyimbo. Wakusanye pia simulizi za misitu, pamoja na majina ya miti, mahali na miaka. Nao wanaisimu waunde istilahi zitakazomwezesha mkulima huyo kuielewa ibara ya 24 na kuidai haki yake bila kumtegemea mkalimani. Usomi wa Kiswahili usioweza kumsaidia shahidi kutoa ushahidi wake una upungufu mkubwa.

Shime basi, tuanze kuandika. Mali bila daftari hupotea bila habari.