COBOL msiizike, ifungulieni dirisha

Wiki hii hosteli yetu ya watu wa kompyuta ina ubishi mmoja tu: COBOL. Wengi wanasema ni lugha ya wazee, izikwe, kila kitu kiandikwe upya. Mi nakataa.

Tukumbushane kidogo. COBOL ilizaliwa 1959. Codd wa IBM alitoa makala yake ya majedwali, yaani msingi wa hizi databesi tunazosoma sisi, mwaka 1970. Kwa hiyo wale wazee hawakuwa wajinga kuweka mishahara na akaunti kwenye mafaili, ndicho walichokuwa nacho.

Shida ni kwamba data imo lakini huwezi kuiuliza kitu. Bosi akitaka kujua ni wastaafu wangapi hawajalipwa mwezi huu, mtu akae aandike programu nzima. Kwa SQL ni mistari mitatu. Ndiyo maana kuna programu za kukaa katikati: zinasoma faili la zamani na kulionyesha kama jedwali, COBOL yenyewe haiguswi. Kwangu hiyo ndiyo njia.

Ila wengine wanadhani ni kuchomeka waya tu. Thubutu! Faili la COBOL halijielezi. Maana yake iko kwenye kopibuku, ile sehemu ya programu inayosema baiti hizi ni jina, hizi ni pesa. Chukua PIC S9(7)V99 COMP-3. Tarakimu 9 pamoja na alama ya hasi au chanya zimebanwa ndani ya baiti 5, na nukta ya desimali haimo kabisa kwenye faili! Ile V ndiyo inayosema inakaa wapi. Mtengeneza jedwali akiisahau, 450.00 ya mzee wa watu inasomeka 45000, na SQL haitalalamika, itajumlisha tu. Bado REDEFINES, ambapo baiti zilezile kwenye rekodi hii ni tarehe, kwenye ile ni namba ya akaunti. (Aliyebuni hiyo alikuwa anabana matumizi kuliko sisi tukisubiri boom.)

Na dirisha liwe la kusoma tu. Nani anastahili, kiasi gani kisizidi, mengi ya hayo yameandikwa ndani ya programu, hayamo kwenye faili. Ukiruhusu UPDATE ipite pembeni umemruka mlinzi getini.

Nyie wa kuandika upya, mnaikumbuka benki ya TSB kule Uingereza? Aprili 2018 walihamishia wateja kwenye mfumo mpya, wateja wapatao milioni 1.9 wakafungiwa nje ya akaunti zao. Desemba 2022 wakapigwa faini ya pauni milioni 48.65. Halafu Aprili 2020 gavana wa New Jersey, Phil Murphy, aliomba wanaojua COBOL wajitolee, maana watu waliopoteza kazi wakati wa korona walikuwa wanasubiri pesa za kujikimu. Lawama zote zikaenda kwa bibi COBOL. Mwanahistoria Mar Hicks akaandika mwaka huohuo kwamba iliyokuwa inakwama ni tovuti ya mbele, ambayo wala haikuwa ya COBOL.

Sasa niambieni, darasani kwetu nani anafundishwa kusoma kopibuku? Mi ningefurahi tukipewa hata muhula mmoja, badala ya kurudia tena ile kozi ya kutengeneza tovuti.