Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Nje kidogo ya mji wa Siem Reap nchini Kambodia, karibu na mahekalu mashuhuri ya Angkor, ilifunguliwa mwaka 2015 hoteli ya kifahari iitwayo Phum Baitang, yaani "kijiji cha kijani". Nyumba zake ni za mbao, zimeinuliwa juu ya nguzo kwa mfano wa nyumba za Wakhmer wa vijijini, na zimezungukwa na mashamba ya mpunga. Sura ni ya kijiji, lakini wanaolala humo si wakulima.

Yafaa ieleweke kwamba nyumba ya Mkhmer haikubuniwa ili ipendeze macho. Kila masika, mafuriko ya mto Mekong huulazimisha mto Tonle Sap kugeuza mkondo wake, na ziwa lenye jina hilo hutanuka kutoka kilomita za mraba zipatazo 2,500 hadi kufikia 15,000. Mkulima aliinua sakafu yake ili maji yapite chini. Kiangazi kikifika, uvungu huo huwa baraza: kina mama hufuma humo, watoto hucheza, na ng'ombe hupata kivuli. Hiyo ni elimu kamili, iliyopatikana kwa jasho na si kwa kalamu.

Zhou Daguan, mjumbe wa China aliyekaa Angkor mwaka 1296 na 1297, aliandika kwamba watu wa kawaida waliezeka kwa majani, wala hawakuthubutu kuweka hata kigae kimoja. Paa la majani lilikuwa alama ya unyonge. Leo paa la namna hiyo limekuwa anasa katika hoteli za kitalii, ilhali mkulima akipata akiba hununua mabati. Wala hana kosa. Majani huoza na kuvuja. Huyasifu zaidi yule asiyelazimika kuyabadili.

Aidha, tusisahau kwamba kati ya mwaka 1975 na 1979 utawala wa Pol Pot uliwafukuza watu mijini na kuwasukuma mashambani kwa nguvu. Inakadiriwa kuwa watu milioni 1.7 walikufa kwa njaa, maradhi, kazi za kulazimishwa na mauaji. Kwa wazee wengi wa Kambodia, shamba la mpunga si mandhari ya mapumziko tu.

Hatusemi kwamba utalii ni uovu. Mwaka 2019 Kambodia ilipokea wageni wapatao milioni 6.6, na maradhi ya UVIKO yalipofunga milango mwaka 2020, wananchi wengi walipoteza riziki. Lakini wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hicho ndicho kipimo. Je, mchele na samaki wa mezani hununuliwa kwa jirani? Je, seremala wa kijiji alilipwa kwa ujuzi wake, au uliigwa tu? Je, kijana wa hapo aweza kupanda hadi kuwa meneja, au ataishia kufagia njia?

Maswali hayo yanamhusu mtumishi wa serikali wa nchi yoyote inayokaribisha watalii, tena kabla hajatia sahihi kibali cha ardhi. Naye mwalimu anao wajibu wake: kumfundisha mtoto wa mkulima kwamba nyumba ya babu yake ni kazi ya akili, asije akaambiwa hivyo kwa mara ya kwanza na mgeni aliyelipa kulala ndani ya mfano wake.