Mwenye Hisa, Ulizia na Vijiji

Kama una hisa, hata ziwe chache ulizonunua mwaka 2017 Vodacom ilipouza zake kwa shilingi 850 kila moja, wito huu ni wako. Ni wako pia kama unakatwa mshahara kila mwezi kwenda mifuko ya hifadhi ya jamii ya NSSF au PSSSF, kwa kuwa mifuko hiyo huwekeza kwenye hisa za makampuni, na kinachowekezwa ni jasho lako. Na ni wako hata kama huna hisa wala mfuko, ila unaishi Makurunge, Zinga, Mlingotini au Saadani, upande wa Bagamoyo, ambako uamuzi wa bodi usiyoijua unaweza kukufikia siku tingatinga linapoegeshwa kando ya shamba lako.

Ombi langu ni moja. Twende kwenye mikutano mikuu ya wanahisa, na tukifika tusiulize gawio peke yake. Tuulize na hali ya watu wanaoishi pale kampuni inapofanyia kazi.

Pwani hii ilikwishaonja utawala wa kampuni zamani. Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar aliingia mkataba wa kuikabidhi mrima, yaani mwambao wa bara, Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki kwa miaka 50, ushuru wa forodha na utawala pamoja. Ilikuwa kampuni yenye wenye hisa wake Ujerumani, waliotaka fedha yao izae. Maofisa wake walipoanza kazi Agosti mwaka huo waliamrisha tu, bila kuwasikiliza wenyeji waliokuwa wakiishi kwa biashara ya bandari na misafara. Hazikupita wiki nyingi Bushiri bin Salim akainuka Pangani, Bwana Heri naye Saadani, na mwambao ukawaka moto. Serikali ya Berlin ikalazimika kumtuma ofisa wake Wissmann na askari. Bushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889, na ilipofika Januari 1891 serikali ya Ujerumani ilikuwa imeshaichukua nchi mikononi mwa kampuni. Watu wa pwani walilipa kwa damu, na hao wenye hisa nao hawakukaa na utawala waliokabidhiwa kwa nusu karne.

Kisa cha karibu zaidi nasi ni cha Razaba, Ranchi ya Zanzibar Bagamoyo, iliyoanzishwa miaka ya 1970 kufuga ng'ombe kwa ajili ya visiwani. Ranchi ilipokufa, watu waliendelea kuishi humo: wakulima, wachoma mkaa, wafugaji. Kisha ikaja SEKAB, kampuni ya Uswidi iliyotaka kulima miwa ya kutengenezea ethanoli. Miongoni mwa wamiliki wake zilikuwamo halmashauri za miji ya kaskazini mwa Uswidi, ukiwamo Örnsköldsvik. Yaani nyuma ya hisa zile alikuwapo mlipa kodi wa kawaida, mwalimu na muuguzi wa huko, ambaye pengine hakuwahi kulisikia jina la Bagamoyo. Kelele za kuupinga mradi zilipozidi nyumbani kwao, SEKAB ikajitoa mwaka 2009 na mradi ukapita kwa EcoEnergy. Kampuni hii ilipewa hati ya zaidi ya hekta 20,000 kwa miaka 99, na Serikali yetu nayo ilikuwa ipate hisa kwa kutoa ardhi.

Mwaka 2015 shirika la ActionAid lilitoa ripoti likisema wakazi wengi hawakupewa nafasi ya kweli ya kukubali au kukataa mradi. Kampuni ilikanusha. Mwaka huohuo Sida, shirika la misaada la Uswidi, liliacha kuuunga mkono mradi. Mwaka 2016 Serikali ikafuta hati. Wawekezaji wakaenda kwenye ICSID, baraza la kimataifa la usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji, na mwaka 2022 Tanzania ikaamriwa kulipa takriban dola milioni 165 pamoja na riba. Mwishoni mwa mwaka huo ndege ya shirika letu la ndege, ATCL, ikazuiliwa Uholanzi kwa ajili ya deni hilo.

Nani alifaidika? Miwa ya EcoEnergy haikufika kiwandani. Mlipa kodi wa Uswidi alipata hasara, na wa Tanzania akabebeshwa deni. Watu wa Razaba waliishi miaka mingi bila kujua kama wapande mazao ya kudumu au wangoje kuhamishwa, na muhogo hausubiri hati ya mtu. Sisemi swali moja la mwenye hisa lingeokoa yote. Serikali nayo ina sehemu yake katika kisa hiki. Lakini swali la watu hawa wataishi wapi na wataishije lilipaswa kujibiwa kabla ya shilingi ya kwanza kutoka, na wenye uwezo wa kulilazimisha lijibiwe walikuwa wenye mali.

Sheria yetu inakubali kwamba mwenye hisa si mtu pekee wa kuangaliwa. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inawataka wakurugenzi wazingatie pia maslahi ya wafanyakazi. Jirani wa mradi hana ulinzi wa wazi kama huo ndani ya sheria hiyo, na hapo ndipo tunapohitajika sisi.

Mtazame mama mkulima wa mwani wa Mlingotini. Maji yakitoka anashuka pwani, anachomeka vigingi, anafunga miche kwenye kamba mojamoja kabla bahari haijarudi. Shamba lake liko ndani ya bahari. Mpango wa bandari kubwa eneo hilo ulisainiwa mwaka 2013, ukasimama, ukafufuliwa mwaka 2021. Bandari ikijengwa tutafurahi, maana ajira tunazihitaji. Ila mwenye fedha katika kazi hiyo aulize: mthamini akihesabu nyumba, minazi na makaburi, kamba za mama huyu zinaandikwa wapi?

Hakuna ugumu wa kuuliza. Kampuni inatakiwa kukupa notisi ya siku zisizopungua 21 kabla ya mkutano mkuu. Twiga Cement, ambayo kiwanda chake kila msafiri wa Bagamoyo anakipita pale Wazo, imo kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam tangu 2006. Mkazi wa Tegeta mwenye hisa zake anaweza kusimama mkutanoni akaulizia majirani wa kiwanda. Makampuni yasiyouza hisa sokoni yana wafanyakazi, wakulima wanaoyauzia na wateja, nao wana sauti.

Nanyi mlio vijijini, msikubali mkataba usomwe kwa muhtasari. Mtendaji ausome wote, kwa Kiswahili, mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, na maswali yenu yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano.

Notisi ya mkutano ikikufikia mwaka huu, usiitupe. Soma taarifa ya mwaka, andika swali lako, nenda ukalisome kwa sauti. Kama huwezi kwenda, jaza fomu ya uwakilishi umpe mtu atakayeliuliza kwa niaba yako.