Askari katika Nchi Isiyoruhusu Silaha

Liko bara moja tu duniani ambako mataifa yamekubaliana kwamba hapatajengwa ngome ya kijeshi, hapatafanywa mazoezi ya vita, wala hapatajaribiwa silaha ya aina yoyote. Bara hilo ni Antaktika, lililoko katika ncha ya kusini ya dunia, lenye ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo milioni 14, na karibu lote limefunikwa na barafu. Mkataba wake ulitiwa sahihi mjini Washington tarehe 1 Desemba 1959 na nchi 12, ukaanza kutumika mwaka 1961. Hata hivyo, mkataba huo huo, katika kifungu chake cha kwanza, haukumfungia askari mlango. Wasema bayana kwamba wanajeshi na vifaa vya jeshi vyaweza kutumika huko, mradi kazi yenyewe iwe ya utafiti wa sayansi au shughuli nyingine ya amani.

Katika makala haya nawaomba ndugu zetu wa jeshi na polisi wakitafakari kifungu hicho. Ndani yake mna jibu la swali linaloyasumbua mataifa mengi: askari alitumikieje taifa lake siku ambazo hakuna vita, na amri ya nani aifuate katika utumishi huo?

Mfano mwema twaupata India. Mwezi Julai 1981 serikali ya Bibi Indira Gandhi iliunda idara ya maendeleo ya bahari. Mwezi Desemba mwaka huo huo meli ilitoka Goa ikiwa na watu 21, chini ya uongozi wa Dakta S. Z. Qasim, mtaalamu wa viumbe vya baharini. Walifika Antaktika tarehe 9 Januari 1982. Mwaka 1983 India ikajiunga na ule mkataba, na mwaka huo huo ikapewa kiti miongoni mwa nchi zenye sauti katika kuamua mambo ya bara lile.

Yawezekana msomaji akauliza: taifa lenye mamilioni ya wakulima maskini latafuta nini penye barafu? Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni mvua. Mkulima wa India huishi kwa mvua za masika yake, zianzazo mwezi Juni. Upepo uletao mvua hizo ndio ule ule ambao wenzetu wa pwani huuita kusi. Huvuma kutoka bahari ya kusini, ukavuka ikweta karibu na mwambao wa Kenya na Somalia, ukielekezwa na nyanda zetu za juu kama maji yaelekezwavyo na ukingo wa mfereji, kisha ukageukia India. Apendaye kuujua upepo huo hana budi kuijua Bahari ya Hindi, na bahari hiyo upande wake wa kusini imeungana na maji ya Antaktika. Basi utafiti ule si anasa ya wenye nacho. Ni ulinzi wa ghala la chakula.

Sasa tutazame kazi ya askari. Kituo cha kwanza cha India huko, kiitwacho Dakshin Gangotri, kilijengwa katika msimu wa 1983 na 1984. Wajenzi walikuwa wahandisi wa jeshi la nchi kavu, na helikopta za majeshi zikabeba watu na mizigo kutoka melini. Jengo lilipokwisha, watu 12 wakiongozwa na Luteni Kanali Satya S. Sharma walibaki humo majira yote ya baridi, katika nchi ambako jua halionekani kwa muda wa miezi kama miwili, na ambako hakuna meli iwezayo kuja kumwokoa mgonjwa. Kazi ya namna hiyo yataka nidhamu, uvumilivu, ustadi wa mitambo na moyo wa kumjali mwenzio. Hayo ndiyo mambo ambayo askari hufundishwa tangu siku yake ya kwanza kambini.

Lakini yafaa ikumbukwe kwamba mkuu wa msafara ule uliojenga kituo hakuwa jenerali. Alikuwa Dakta Harsh K. Gupta, mwanasayansi wa elimu ya miamba na matetemeko ya ardhi. Wahandisi wa jeshi walifanya kazi chini ya msafara aliouongoza raia, kwa lengo lililowekwa na raia, na heshima yao haikupungua hata chembe. Bali naona iliongezeka, kwa kuwa kutii elimu ni utiifu ulio mgumu kuliko kutii cheo.

Wala kazi yao haikukosa kasoro. Dakshin Gangotri kilijengwa juu ya barafu ielekeayo baharini, na theluji ikakifunika mwaka hata mwaka, hata ilipofika 1990 kikaachwa kuwa makao. Wahindi hawakuona haya kukiri. Walikuwa wamekwisha kujenga kingine kiitwacho Maitri, juu ya mwamba imara, na mwaka 2012 wakafungua cha tatu kiitwacho Bharati, kilichoundwa kwa makontena 134. Askari aliyezoea kuandika taarifa ya ukweli baada ya doria ataelewa thamani ya jambo hilo. Kosa lililoandikwa huokoa wengine, na kosa lililofichwa huwaua.

Mwaka 1998 nchi hiyo ilianzisha mjini Vasco da Gama, katika Goa, taasisi ya taifa ya utafiti wa Antaktika na bahari, ambayo tangu 2018 yaitwa Kituo cha Taifa cha Utafiti wa Ncha za Dunia na Bahari. Taasisi hiyo ya kiraia ndiyo isimamiayo vituo, meli na misafara yote. Ina pia kituo katika visiwa vya Svalbard karibu na ncha ya kaskazini tangu 2008, na kingine katika milima ya Himalaya. Humo Goa huhifadhiwa vipande virefu vya barafu vilivyochimbwa kutoka kilindini, vyenye mapovu ya hewa ya kale, navyo husomwa kama mtu asomavyo daftari la zamu. Askari walisaidia kufungua njia. Kisha njia ikakabidhiwa wenye elimu yake.

Sisi tulio mbali na bahari tusidhani kwamba habari hizi hazituhusu. Mwishoni mwa mwaka 2019 maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yalipata joto kupita kiasi, na yale ya upande wa mashariki yakapoa. Mvua kubwa ikanyesha Afrika ya Mashariki, na mwezi Mei 2020 Ziwa Victoria likafikia kimo cha juu kuliko vyote vilivyokuwa vimeandikwa hadi wakati huo. Mafuriko yajapo, ni nani aitwaye usiku wa manane kuwavusha watoto na wazee, kuyalinda madaraja na kuzuia wizi katika nyumba zilizohamwa? Ni askari na polisi. Anayeitwa kupambana na adui ana haki ya kupewa habari zake mapema, na mafuriko ni adui ambaye habari zake huanzia baharini.

Kwa hiyo nashauri mambo mawili. Kwanza, vyuo vyetu vya jeshi na polisi vifundishe elimu ya hewa na bahari kama vifundishavyo usomaji wa ramani. Pili, vikosi vyetu vya wahandisi viwe tayari kuwasaidia watabiri wa hali ya hewa kufikisha na kulinda vipimo vyao mahali pasipofikika, bila kudai kuwaamuru. Siku hiyo mwananchi akiona sare mlangoni pake kabla ya maji kufika, atajua kwamba amefikiwa na mlinzi.